Jasho Halionekani Ukiwa Juu Kilimani

Swali langu ni rahisi kuuliza. Ukikaa juu ya kilima, ukatazama bonde zuri ambalo liliumbwa kwa mateso ya watu wengine, una haki ya kulifurahia? Sisemi kulinunua. Nasema kulitazama tu, glasi mkononi, ukasema, "Aisee, hapa ni pazuri."

Mfano wangu ni Toscana, Italia. Hata kama hujawahi kuvuka Rongai, unaijua. Ni ile picha ya kwenye kalenda na skrini za kompyuta: kilima, nyumba ya mawe, msururu wa misaipresi, na mizabibu inayoshuka kwa mistari kama nywele zilizosukwa. Kuna watu hulipa doo ndefu kukodi nyumba hiyo kwa wiki moja. Mimi sijafika. Naijua kwa sababu ya kazi. Sisi waandishi wa kujitegemea, tunaolipwa kwa hesabu ya maneno, huwaandikia watu wa mbali maelezo ya nyumba za likizo, na nimeshaeleza mara nyingi jinsi jua linavyozama kwenye vilima ambavyo sijavikanyaga. Mteja mmoja alinitumia orodha ya maneno ya kutumia: utulivu, asili, ukale. Neno "kazi" halikuwemo. Hapo nikaanza kujisomea nyumba hizo zilitoka wapi.

Nyumba ile ya mawe haikujengwa ili mtu aone jua likizama. Kwa karne nyingi, hadi katikati ya karne ya 20, sehemu kubwa ya Toscana ililimwa kwa mfumo unaoitwa mezzadria, yaani kulima kwa nusu. Mwenye ardhi mara nyingi aliishi mjini, Firenze au Siena. Aligawa ardhi yake katika mashamba, na kila shamba likapewa nyumba yake na familia yake. Familia ililima ngano, mizeituni na mizabibu, kisha mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Ukitoa kuku na mayai ya kumpelekea tajiri sikukuu zikifika, ile nusu yao ilizidi kupungua. Mkataba ungeweza kukatizwa, familia ikafunga virago. Mara nyingi hata kijana akitaka kuoa, ruhusa ilitafutwa kwa mwenye shamba.

Ndiyo maana nyumba zimetawanyika vile, moja hapa, nyingine kule. Mpangilio unaompendeza mgeni ulikuwa mpangilio wa kazi: familia iishi ndani ya shamba ili isipoteze muda njiani. Chini walilala maksai, watu walilala ghorofani, na joto la wanyama likawasaidia msimu wa baridi. Leo zizi lile ndilo sebule yenye kochi jeupe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana walihepa. Viwanda vya mijini vilikuwa vinaajiri, na mshahara wa kiwanda hugawani nusu na mtu. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na 1982 sheria nyingine ikafungua njia ya kugeuza iliyobaki kuwa ya kukodi ardhi. Nyumba nyingi zilibaki mahame. Wageni wakazinunua kwa bei nafuu, Waingereza na Wajerumani wakiwemo, hadi eneo la Chianti likapewa jina la utani Chiantishire, kana kwamba ni kaunti ya Uingereza. Mwaka 1985 ikaja sheria ya agriturismo, iliyowaruhusu wakulima kupokea wageni wa kulala mashambani mwao. Mwaka 2004 bonde la Val d'Orcia likaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Miaka 40 ilitosha kugeuza nyumba ya mtu anayekimbia kuwa nyumba ya mtu anayelipa ili aje.

Kaskazini, huko Piemonte, ni hadithi hiyo hiyo. Vilima vya Langhe, kunakotoka mvinyo wa Barolo, viliingia kwenye orodha ya UNESCO 2014. Miaka 60 kabla ya hapo, 1954, mwandishi Beppe Fenoglio, mzaliwa wa Alba, alichapisha La malora, kisa cha kijana anayepelekwa na familia yake kuwa mtumishi kwa mtu ambaye naye analima kwa nusu. Maskini anamtumikia maskini, katika Langhe hiyo hiyo ambayo leo ardhi ya Barolo inauzwa kwa bei ya kuziba masikio.

Sasa, falsafa. Kozi sikuimaliza, niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokwama. Lakini Kant alinifuata hadi nje ya geti. Katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wetu wa kuamua kipi ni kizuri, anatoa mfano wa kasri. Ukimuuliza mtu kama kasri ni zuri, anaweza kukwepa. Mmoja atalalamika, kama Rousseau, kwamba wakubwa wanamwaga jasho la wananchi kwa vitu visivyo na haja. Mwingine atakuwa kama yule chifu wa Iroquois ambaye jijini Paris hakuna kilichompendeza kama vibanda vya chakula. (Huyo chifu ni mtu wangu.) Kant anasema sawa, yote hayo yakubaliwe, lakini sicho kilichoulizwa. Kilichoulizwa ni kama kasri, likitazamwa tu, linapendeza.

Namwelewa. Bonde likiwa zuri ni zuri. Dhuluma haiupindi mstari ulionyooka, na msee anayedai Toscana haivutii kwa sababu ya mezzadria anayadanganya macho yake. Ila nadhani mfano wa kasri ulimrahisishia Kant mambo. Kasri halifichi kitu. Ukiliona tu unajua kuna aliyeamuru na kuna waliobeba mawe. Mandhari haisemi hivyo. Mandhari inajifanya imejiotea. Unaangalia mteremko ambao watu waliuchonga kwa jembe miaka mia kadhaa, kisha unauita "asili". Hapo hujaamua tu kwamba ni mzuri. Umeshaamini jambo la uongo kuhusu unachokitazama, na raha yako imejengwa kwa sehemu juu ya uongo huo. Utulivu unaousifu ni umbali tu. Ukiwa juu kilimani, mtu aliyeinama ni nukta, na nukta haitoki jasho.

Kuna aliyejua kuichora nchi hiyo bila kuwafuta watu. Kati ya 1338 na 1339, Ambrogio Lorenzetti alichora kwenye kuta za Palazzo Pubblico, jengo la serikali ya Siena, picha za utawala bora na utawala mbaya. Vilima ni vile vile tunavyovijua. Lakini ndani ya ule upande mwema kuna watu wanalima, wanavuna, wanaswaga wanyama kuelekea mjini. Wenye mji walioagiza na kulipia ukuta huo hawakuwa malaika. Walikula kutokana na jasho la mashambani. Hata hivyo, kwao nchi nzuri ilikuwa nchi ambayo watu wanaonekana wakifanya kazi kwa amani. Ni sisi wa juzi tulioamua kwamba picha nzuri ni ile isiyo na mtu.

Na watu bado wapo. Kwenye miteremko mikali zabibu huchumwa kwa mkono, na siku hizi wachumaji wengi nchini Italia ni wahamiaji: Waromania, Wamasedonia, Wamoroko, Waafrika wa magharibi. Kusini mwa nchi, Julai 2015, Paola Clemente, Mwitaliano wa miaka 49, alikufa akifanya kazi kwenye mizabibu karibu na Andria, Puglia. Zabibu zake zilikuwa za kula mezani, lakini mjadala uliofuata kifo chake ulichangia kupatikana kwa sheria namba 199 ya 2016 dhidi ya caporalato, yaani madalali wanaokusanya vibarua na kuwanyonya.

Usidhani nawasema wazungu peke yao. Waitaliano wamekuwa na nyumba za likizo Malindi na Watamu kwa miongo mingi, hadi wachuuzi wa ufuoni wanakusalimia kwa Kiitaliano. Kwa hivyo tunajua inavyokuwa kuishi ndani ya mandhari ya mtu mwingine. Mzee anayefagia majani alfajiri ili mgeni akiamka akute uwanja safi anajua kazi yake inahesabiwa imefanyika vizuri asipoonekana. Lakini wikendi ikifika, sisi wa Nairobi tunapanda matatu hadi Limuru kupiga picha kwenye majani chai, kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe kabla ya mkoloni, na tunasubiri wachumaji wapite ndipo tubonyeze. Macho yetu yalifunzwa shule moja na ya mgeni wa Toscana.

Rafiki yangu huniambia: wacha watu wajibambe, ukianza hivyo hutakula chapati bila kulia. Ana hoja, na yuko na nyingine nzito zaidi. Bila wageni, nyumba nyingi za Toscana zingeanguka, na baadhi ya wanaozikodisha leo ni wajukuu wa wale waliogawana nusu. Pesa ya mgeni imewapa kile ambacho ngano haikuwapa babu zao. Mtu akikataa kwenda eti kwa kuwa ana huruma, hakuna marehemu anayefaidika.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo, haki unayo. Ninachokataa ni raha inayodai usijue. Jaribio langu ni hili: mweleze aliyekaa kwenye kochi jeupe kwamba hapo alilala maksai, na juu yake familia iliyomgawia mtu nusu ya kila gunia. Akikasirika kwamba umemharibia likizo, basi alichokuwa anakipenda hakikuwa hicho kilima. Akitazama tena nje na kuanza kuuliza ule mstari ulinyooshwa na nani, kwa ujira gani, na wa leo analipwa ngapi, uzuri haujapungua hata kidogo. Ameanza tu kuuona wote, na sasa maswali yake yana mtu wa kuyajibu: yule anayemkodishia nyumba, yule anayemuuzia chupa.

Januari wageni huwa wachache na kuna baridi ya kukata mifupa. Wakati huo kuna mtu kwenye mteremko, makasi mkononi, anapogoa mzabibu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka mwisho wa mstari. Akimaliza anarudi juu kuanza mwingine. Picha ya Septemba inatengenezwa siku hiyo.