Msitu Huu ni wa Nani?

Swali letu la mwezi huu ni fupi, walakini halijibiki upesi: kitu kitumiwacho na watu wengi, ni cha nani? Wengine hujibu, "Ni chake aliye na nguvu za kukilinda." Wengine husema, "Ni cha kila mtu, basi kila mtu na achukue apendavyo." Sisi twaona ya kuwa majibu haya yote mawili yana upungufu. Ili kulionyesha jambo hili, twapenda kuwachukua wasomaji wetu kwa fikira mpaka kusini ya Uingereza, katika msitu uitwao New Forest, ambao wageni wengi huenda kuutazama kila mwaka. Twende polepole, na kila tutakaposimama tuliulize swali letu tena.

Maana ya jina lile ni Msitu Mpya, lakini upya wake umepita zamani. Mfalme William, aliyevuka bahari kutoka Normandy akaishinda Uingereza mwaka 1066, aliitenga nchi ile yapata mwaka 1079 iwe mahali pake pa kuwinda ayala. Wala tusidhani ya kuwa yote ni miti mitupu. Zamani zile jina la msitu lilikuwa jina la sheria, yaani nchi yo yote ambayo mfalme ameiwekea amri zake za uwindaji. Na ndani yake mlikuwa na miti, nyika, mabwawa, na nyumba za watu pia. Waandishi wa kale walisema ya kwamba mfalme alibomoa vijiji vingi na makanisa ili wanyama wake wapate nafasi. Wachunguzi wa siku hizi waona ya kuwa hesabu ile ilizidishwa, kwa kuwa udongo wa pale ni maskini na watu walikuwa wachache. Lakini hata mtu akifukuzwa peke yake katika shamba la baba yake, udhalimu ni udhalimu. Tena sheria zenyewe zilikuwa kali: aliyeua ayala wa mfalme alipofushwa macho, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kuzungusha ua wa kuwazuia wanyama wasimlie mazao yake.

Mahali pa kwanza pa kusimama ni karibu na kijiji cha Minstead, penye nguzo iitwayo Jiwe la Rufus. Huyo Rufus alikuwa mwana wa yule mfalme, naye alimrithi. Mnamo tarehe 2 Agosti 1100 alikwenda kuwinda na wakubwa wake, akapigwa mshale, akafa papo hapo. Husemwa ya kuwa aliyeutupa ni Walter Tyrrell, na mpaka leo watu hubishana kama lilikuwa kosa au kusudi. Ndugu yake na mpwa wake walikuwa wamekwisha kufa katika msitu ule ule, hata watu wa zamani wakasema ni hukumu ya Mungu juu ya nyumba ile. Basi tazameni yaliyofuata. Nduguye Henry alikimbilia Winchester kuishika hazina ya ufalme, na siku tatu baada ya kifo kile akavikwa taji. Wakubwa wengine nao walikimbilia mali zao. Maiti ya mfalme ilibaki chini mpaka wanyonge walipoichukua kwa gari. Na masimulizi ya pale husema mwenye gari alikuwa mchoma makaa, jina lake Purkis. Mtaka yote hukosa yote. Mtu aliyeuhesabu msitu mzima kuwa wake, hakuna aliyemchukua ila mmoja wa wale waliokatazwa kuuita wao.

Jiwe lenyewe nalo lina fundisho. Lilisimamishwa mwaka 1745, lakini wapitaji waliliharibu mno, hata mwaka 1841 ikapasa kulifunika kwa chuma. Hapo twaona jibu la pili likishindwa. Mfalme alisema, "Ni langu peke yangu," akaleta maumivu. Wapitaji walisema, "Ni letu sote, basi nikiharibu kidogo si neno," na jiwe likawa karibu kwisha.

Tuendelee mpaka penye mti mkubwa uitwao Mwaloni wa Knightwood. Umri wake wapita miaka 500, na unene wa shina lake ukipimwa kwa kuuzunguka ni zaidi ya meta saba. Mwenye kuutazama ataona ya kuwa shina halikupanda juu moja kwa moja, bali limegawanyika kuwa matawi mengi manene, kama vidole vya mkono. Sababu yake ni kwamba zamani wenyeji waliukata kichwa, juu kidogo kuliko ng'ombe wawezavyo kufikia, wakapata kuni, kisha wakauacha uchipuke tena. Mwaka 1698 sheria ilikataza ukataji wa namna hii, kwa kuwa Serikali ilitaka mialoni mirefu ya kuundia manowari. Ikawa ile mirefu iliyonyoka ilikatwa kwa shoka ikaenda, na ile iliyopindika kwa kukatwa kwa kiasi mingine yake ipo hata leo. Mti uliotoa kuni za maskini kidogo kidogo uliishi. Mti uliotakiwa wote kwa mara moja ulianguka.

Zilikokwenda mbao zile twaweza kukuona pia. Kando ya mto Beaulieu kiko kijiji kidogo kiitwacho Buckler's Hard, chenye safu mbili za nyumba zielekeazo majini, na kati yao nafasi pana ambapo magogo yalilazwa. Hapo ndipo ilipoundwa manowari Agamemnon, iliyoshushwa majini mwaka 1781, ambayo baadaye Nelson alikuwa nahodha wake. Merikebu kubwa moja ya namna ile husemwa kuwa ilikula mialoni 2,000 hivi. Hatusemi ya kuwa kuilinda nchi ni kosa. Twasema tu ya kuwa mti wa miaka mia hukatwa kwa siku moja, na atakayeupanda badala yake hatauona ukikomaa.

Sasa tufike mji mdogo wa Lyndhurst, ulio katikati ya msitu. Hapo kuna ukumbi wa zamani, na ukutani mmetundikwa kikuku kikubwa cha kupandia farasi. Masimulizi husema kilitumika kupimia mbwa: mbwa aliyeweza kupenya ndani yake aliachwa, na aliyekuwa mkubwa zaidi alikatwa makucha ya miguu ya mbele, asiweze kuwafukuza ayala wa mfalme. Lakini katika ukumbi huo huo hukutana baraza la wazee waitwao Verderers. Wao ni kumi. Watano huchaguliwa na wenyeji walio na haki ya malisho, na watano huwekwa na wakuu. Siku ya baraza mtu ye yote aweza kusimama akaleta neno lake mbele ya watu wote. Kikuku cha nguvu na baraza la shauri vimewekwa chumba kimoja, na sisi twaona hayo ndiyo mafundisho makubwa ya safari yetu.

Haki yenyewe haikupatikana kwa usingizi. Mwaka 1217, katika siku za mfalme Henry wa Tatu, ilitolewa Hati ya Msitu, iliyokataza mtu kuuawa au kukatwa kiungo kwa ajili ya wanyama wa mfalme, na kuwarudishia watu huru haki zao za malisho. Miaka mingi baadaye, mwaka 1851, Bunge liliamuru ayala waondolewe, na Serikali ipate kuzungushia ua ekari 10,000 nyingine ipande miti yake. Wenyeji waliona malisho yao yanakwisha. Wakakusanyika, wakapeleka madai yao, na watu waliopenda uzuri wa nchi ile wakasimama pamoja nao, hata sheria ya mwaka 1877 ikazuia ua mpya na kulitia baraza mikononi mwa wenye haki.

Je, haki hiyo ni ya namna gani? Kwanza, haimfuati mtu, bali hufuata nyumba au shamba. Mwenye kuhama huiacha. Pili, ina mpaka. Mgeni aonapo farasi wadogo wakizurura njiani huwadhani ni wa mwitu. Sivyo, kila mmoja ana mwenyewe, na nywele za mkia wake hukatwa kwa alama ili ijulikane ya kuwa ada ya mwaka imelipwa. Wakati matunda ya mialoni yanapoanguka, nguruwe hufunguliwa msituni kwa majuma kadhaa, nao hutiwa pete puani wasichimbue ardhi. Matunda yale yakiwa mabichi ni sumu kwa farasi na ng'ombe, lakini nguruwe huyala wakanenepa. Hivyo nguruwe wa jirani huyalinda maisha ya farasi wa jirani, na pete ya puani huwalinda wote.

Mtu aweza kutuuliza, "Kama mfalme asingaliuchukua msitu kwa nguvu, je, ungalikuwapo leo?" Swali ni la haki, nasi hatulikwepi. Yamkini miti mingi ingalikatwa. Lakini wema uliotokea baadaye hauugeuzi uovu wa kwanza kuwa wema. Amri ya mfalme ilikuwa ua tu, na ua huoza. Uliouweka msitu mpaka leo ni ule mkono wa watu wengi, kila mmoja akipokea kidogo na kuwazuia wenzake wasizidishe, naye akikubali kuzuiwa.

Tangu mwaka 2005 nchi ile ni hifadhi ya taifa, na wageni waja kwa maelfu. Nao wametiwa chini ya kiasi kile kile: wasiwalishe farasi, wasiendeshe motakaa kwa kasi katika njia ambazo mifugo huvuka, wasiwashe moto nyikani. Haki ya kutazama nayo ni haki, basi nayo ina pete yake.

Msitu huu, basi, ni wa nani? Jibu letu ni hili: ni wake yeye awezaye kusema "changu" na "basi" kwa kinywa kimoja. Asemaye "changu" bila "basi" ni Rufus, hata kama ana kipande cha jiwe tu mfukoni. Na kila msomaji aliye na kisima, malisho, au njia pamoja na jirani zake, na ajipime nafsi yake leo, kabla baraza halijampima.