Kioo na Shahidi

Juu ya kabati la vitabu vya marehemu baba yangu kipo kisanduku cheusi, kisichozidi msahafu mkubwa kwa upana, chenye diski mbili za terabaiti 4 kila moja, nacho kimeungwa na mtandao wa nyumbani ili kila aliyemo aweke humo na achukue humo. Mwenye kuhesabu atataraji terabaiti 8, lakini apatazo ni 4 tu. Kwani diski hizo nimezipanga kwa mfano wa kioo, kila kinachoandikwa katika ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili, hata moja ikifa nyingine ibaki na amana yote. Mpango huu ulikuwapo zamani kidogo, na mwaka 1988 wanazuoni watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Patterson, Gibson na Katz, waliuweka katika daraja ya kwanza ya mipango yao ya kuzifanyisha kazi diski nyingi kama moja.

Fadhila yake nimeiona. Siku moja diski ilianza kukwaruza, na orodha ya hali, ambayo desturi yake ni kuonyesha herufi mbili za U, ikaonyesha U moja na kistari. Niliichomoa, nikatia mpya, na usiku kucha ile iliyosalimika ikawa inamsomea mgeni wake herufi kwa herufi, kama mwalimu wa chuo na mwanafunzi, hata alfajiri zikarejea U mbili. Na darsa za baba, nilizozihamisha kutoka katika kaseti, hazikupungua hata neno.

Lakini haukupita mwaka nikazifuta darsa zizo hizo kwa mkono wangu, nikidhani ni nakala iliyozidi. Kioo kilitii. Sikuwahi hata kuondoa kidole, na diski ya pili imekwisha kusahau kila ilichosahau ya kwanza. Hapo ndipo liliponijia suali ambalo halijaniondoka: je, mwenye kutii kila amri ndiye mwaminifu?

Nimeona kwamba siye. Sheria inapotaka mashahidi wawili katika deni, haitaki sauti moja irudiwe mara mbili. Yataka watu wawili, kila mmoja na macho yake na hofu yake ya Mungu, na lau mmoja atalishwa maneno na mwenziwe, kadhi atakuwa amesikia ushahidi mmoja. Na baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Abubakar alipomwamrisha Zayd bin Thabit aikusanye Kurani, Zayd, naye ni hafidhi, hakutosheka na kifua chake, bali aliyatafuta yaliyoandikwa na yaliyokuwa vifuani mwa watu wengine. Kisha, zama za Uthman, nakala zilipelekwa miji mbalimbali, kila moja mikononi mwa watu wake.

Tumefundishwa pia kwamba muumini ni kioo cha muumini mwenziwe. Nacho ni kile kioo kinachokuonyesha doa la uso wako ili ulifute, wala si kile kinachojipaka doa lako. Mke asiyemkanya mumewe, na mwanafunzi asiyemuuliza shekhe wake, humlinda na mauti pengine, wala hawamlindi na kosa lake mwenyewe. Na makosa yetu ni mengi kuliko mauti yetu.

Darsa zilinirejea kwa dada yangu, aliyeko Tanga. Nilimwambia azitupe kaseti, maana zimekwisha kazi, naye akakataa, akasema sauti ya baba haitupwi. Sasa kila mwisho wa mwezi naandika nakala katika diski ya tatu, isiyoungwa na kisanduku, nikampelekea yeye. Na kuwa kwake mbali na mkono wangu, na kwamba ana ulimi wa kuniambia la, ndiko kunakonifanya nilale.