Mwungwana ni nani?

Neno "mwungwana" latumika sana kwetu Mtunda na katika vijiji vya Rufiji. Mtu akirudisha amana kamili, au akitukanwa asijibu tusi, watu husema, "Huyu ni mwungwana." Lakini siku ya posa neno lilo hilo hugeuka. Mzee huuliza, "Je, ni waungwana hao?" wala haulizi tabia yao, awauliza mababu zao.

Ulizo hilo lina asili yake. Zamani mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa wala mzao wa mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, na njia ya bahari ikakatazwa, wafanya biashara waliwatoa watu Kilwa wakawapeleka kaskazini kwa miguu, wakiuvuka mto Rufiji, hata Sultani Barghash akaikataza njia hiyo nayo mwaka 1876. Katika Tanganyika utumwa wenyewe uliondolewa kwa sheria mwaka 1922. Sheria iliuondoa utumwa. Ulizo la mzee halikuondoka.

Basi, je, uungwana umo katika damu? Tazameni mambo ya Kongo. Watu wa pwani waliofuata misafara ya Tippu Tip hata Manyema waliitwa waungwana, na Kiswahili cha huko kikaitwa Kingwana. Lakini wengi wao walikuwa watumwa kwao. Aliyekuwa mtumwa Unguja alikuwa mwungwana Manyema, maana huko alimkuta mwingine wa kumdharau. Jina lililogeuka kwa safari halikuwamo katika damu. Tena uungwana wa namna hii hausimami pasipo mtu wa kukanyagwa.

Labda katekista atataja Wagalatia mlango wa 4, ambapo mkewe Ibrahimu huitwa mwungwana na Hajiri mjakazi. Ni kweli, lakini Mtume anena habari za ahadi, si za kabila.

Wengine husema, "Ndoa ni kuungana kwa koo, sharti tuulize." Vema, ulizeni. Ulizeni kama hulipa deni, na jinsi wanavyomtunza yatima. Lakini binti akikataliwa kwa sababu babu ya babu yake alitekwa, nawauliza ninyi: aibu ya kuteka ni ya nani, ya aliyetekwa au ya mtekaji? Wahenga walikwisha kujibu: mwungwana ni kitendo.