Maradhi ya Tumbo na Heshima ya Ndoa

Je, mke anayeugua matumbo, akivumilia maumivu ya tendo la ndoa bila kumwambia mumewe neno, anatenda jambo jema? Wengi watajibu mara moja kwamba ndiyo, kwa maana uvumilivu ni sifa ya mke, na mambo ya chumbani hayasemwi. Sisi twaona vingine, na leo twapenda kueleza kwa nini.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Hatusemi habari za kuhara kwa siku mbili tatu, wala za minyoo. Twasema habari za magonjwa mawili ambayo mtu huishi nayo miaka mingi. Wa kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932 aliueleza pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa Hospitali ya Mount Sinai, mjini New York. Wa pili ni kolaitisi ya vidonda, ambao hukaa katika utumbo mpana. Katika yote mawili, kinga ya mwili, iliyo mlinzi wa nyumba, huigeukia nyumba yenyewe. Matumbo huvimba na kutoka vidonda; mgonjwa huharisha mara nyingi kwa siku, pengine pamoja na damu; hukonda, huchoka, hupungukiwa na damu. Huja miezi ya utulivu, kisha moto huwaka tena.

Magonjwa haya hayaambukizi. Hayatokani na uasherati, wala si kazi ya wachawi. Huku kwetu Afrika Mashariki yalidhaniwa zamani kuwa ni ya Wazungu tu; lakini hospitali zenye kipimo cha kamera huyagundua, na pengine mgonjwa amekwisha kutibiwa kwanza kama mwenye amiba au kifua kikuu cha matumbo, kwa sababu dalili zake hufanana.

Sasa tuangalie umri. Mara nyingi magonjwa haya huanza kati ya miaka 15 na 35, yaani miaka ile ile ya kuchumbiwa, kuolewa na kuzaa. Mwanamke hupatwa nayo wakati anapojenga nyumba yake. Uchovu humwondolea hamu. Hofu ya kushikwa na haja ghafula humfanya amwepuke mumewe. Dawa za steroidi huweza kuuvimbisha uso wake na kuibadili tabia yake, hata ajione mgeni katika kioo. Ugonjwa wa Crohn huweza kutoboa vijia kandokando ya njia ya haja kubwa, na mara nyingine kijia hufika hata ukeni, ndiyo fistula. Upasuaji wa ndani ya nyonga huacha makovu yanayoweza kuleta maumivu, hata baada ya ngozi ya nje kufunga vizuri. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Haya yote mwanamke huyafunga moyoni. Daktari humwuliza juu ya choo, damu na uzito. Si wengi wanaomwuliza juu ya ndoa yake. Naye haanzi mwenyewe, kwa kuogopa kuonekana mtu asiye na adabu. Mumewe huona tu kwamba anakataliwa. Hapo shetani hupata mlango: mume hudhani kuna mwanamume mwingine, au yeye mwenyewe hutafuta mwanamke mwingine. Na mke, kwa kuogopa kuachwa, hukubali kila usiku jambo linalomwumiza, huku akiuma meno gizani.

Je, huo ni wema? Uvumilivu ni wema pale mtu anapovumilia lisiloweza kuondolewa, au anapochukua mzigo kwa faida ya mwingine. Lakini maumivu haya mara nyingi yana dawa, au yaweza kupunguzwa. Na mume hapati faida yoyote kwa kudanganywa. Zaidi ya hayo, anaumiza asiyetaka kumwumiza. Mke anayenyamaza humnyima mumewe nafasi ya kumpenda kama alivyo. Hatumlaumu, kwa maana amefundishwa hivyo tangu utoto. Twalaumu mafundisho yenyewe.

Kwa maana tumechanganya haya na aibu. Haya ni ulinzi wa kitu cha thamani. Humfanya mtu asiuanike mwili wake mbele ya wasiohusika. Aibu ni woga wa mtu anayejiona hana thamani tena. Haya hufunga mlango kwa mpita njia. Aibu huufunga hata kwa mume na kwa daktari. Wazee wetu waliijua tofauti hiyo waliposema kwamba mficha uchi hazai. Hawakumwagiza mtu atembee uchi. Walisema kwamba yuko wa kufichwa, na yuko ambaye kumficha ni kujinyima uzima.

Labda mume fulani atatuambia: “Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba mke ana deni kwa mumewe.” Ni kweli, lakini aliandika pia kwamba mume ana deni kwa mkewe, na kwamba waweza kupatana kuacha kwa muda. Anayeshika nusu ya fundisho hajashika fundisho. Tena Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, alifundisha waziwazi kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mwenzi, bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki, si tendo la kweli la upendo. Basi mume akijua kwamba mkewe anaumia, naye akashurutisha, asijitetee kwa jina la ndoa. Na kama hajui, wajibu wake ni kuuliza, kwa upole, mchana, si wakati wa kudai.

Mwingine atauliza: “Na watoto je?” Hapa maneno ya mitaani yamewaonea wanawake wengi. Ukweli ni kwamba mwanamke ambaye ugonjwa wake umetulia, na ambaye hajapasuliwa nyongani, kwa kawaida hushika mimba karibu sawa na wengine. Upasuaji wa ndani ya nyonga waweza kupunguza nafasi hiyo, kwa sababu makovu huziba mirija. Mimba ikiingia wakati ugonjwa unawaka, hatari ya kuharibika au ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati huongezeka. Kwa hiyo ni busara kungoja utulivu. Dawa nyingi huendelea wakati wa mimba, na kuziacha ovyo huweza kudhuru kuliko kuzimeza. Lakini methotreksati humdhuru mtoto, nayo lazima iachwe miezi kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari. Na kama watoto hawaji, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikumbusha kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu. Hudumu na thamani yake hudumu.

Wako pia wanawake waliotolewa utumbo mpana, ambao haja yao hupitia tundu la tumboni na kuingia katika mfuko. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko unaogandama kwenye ngozi, kwa sababu dada yake Thora, aliyepasuliwa kwa ajili ya saratani, aliogopa kutoka nje mbele za watu. Mfuko wa namna hiyo leo huwasaidia hata wenye magonjwa tunayoyasema. Muuguzi yule hakumwambia dada yake avumilie. Alimsikiliza, kisha akafanya kazi. Mwanamke mwenye mfuko aweza kuishi na mumewe, kushika mimba na kuzaa. Yafaa kuumwaga mfuko kabla, kuufunika kwa kitambaa safi, kuchagua saa ambayo mwili umetulia, na kuacha mara maumivu yanapoanza. Haya ni mambo madogo, lakini mtu asiyeambiwa atayajuaje?

Basi, mama unayeugua, mwambie mumeo. Na siku ya kliniki mwambie daktari au muuguzi kwamba tendo la ndoa linakuumiza, hata kama hakukuuliza. Neno hilo si dhambi wala si utovu wa adabu. Nawe mume, fuatana naye hospitali, ukasikie kwa masikio yako. Mama mkwe, usimwite tasa wala mvivu mtu ambaye hujui usiku wake. Nanyi madaktari na wauguzi, mnapomaliza kuuliza juu ya choo, ulizeni swali moja zaidi, mlango ukiwa umefungwa. Siku ya arusi maradhi yalitajwa wazi mbele ya altare, na wote wawili waliitika. Hawakuahidi kuugua kila mtu peke yake.