Mtoto wa Idete ni mshirika, si kifaa cha majaribio

Kila ninapofika kwenye mlango wa mikataba, wanafunzi wangu hapa Ifakara huniuliza: mzazi anayeruhusu mwanawe apewe chanjo ambayo bado inajaribiwa, amefunga mkataba gani na wenye chanjo?

Katika bonde la Kilombero swali hili si la vitabuni tu. Mwaka 1993, katika kijiji cha Idete, majaribio ya SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa na Dk. Manuel Patarroyo wa Colombia, yalihusisha watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya watoto wachanga hapa hapa, hayakuona kinga ya maana. Chanjo ikaachwa.

Wapo wanaosema tumefanywa panya wa maabara, basi tukatae yote. Hawa wanasahau kuwa malaria inaua watoto wetu na kwamba kutafuta tiba tumeamrishwa. Wengine wanasema tupokee na tushukuru, maana mtoto anatibiwa bure. Hawa nao wanasahau kuwa Sura An-Nisaa, aya ya 29, imefanya kuridhiana kuwa sharti la biashara. Ikiwa mali ni hivyo, mwili wa mtoto je? Mama ambaye njia yake pekee ya kumwona daktari ni kuweka dole gumba kwenye fomu, ridhaa yake ina kasoro.

Kwa maoni yangu, mkataba huu unakaribiana na mudharaba: mmoja analeta mtaji, mwingine jasho, na fungu la faida la kila mmoja hutajwa mapema. Mzazi wa Kilombero si mpokea sadaka. Amemleta mwanawe, jambo ambalo mtaji peke yake hauwezi kulifanya. Basi fungu lake litajwe kabla ya sindano: nani atamtibu mtoto akidhurika, nani atarudi kijijini kueleza matokeo, na chanjo ikifaulu itamfikia lini.

Chukua chanjo ya RTS,S ya kampuni ya GlaxoSmithKline. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa Korogwe na Bagamoyo, huko Bagamoyo ikisimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Ilipoanza kutolewa mwaka 2019, nchi za mwanzo zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya, Tanzania haikuwamo. Sisemi tumedhulumiwa, kwani nchi hizo nazo zilitoa watoto wao. Nauliza tu: mzazi wa Bagamoyo alipotia saini, aliambiwa nini kuhusu siku hiyo?

Maimamu na walimu, wajibu huu ni wetu. Fomu hizo zikifika kijijini, tukae na wazazi tuzisome neno kwa neno kabla hawajaweka dole gumba. Kuuliza si kukosa shukrani. Mshirika ana haki ya kudai hesabu.

Wallahu a'alam.