Amana Haiwekwi kwa Aliyefungwa Mikono

Mtu aliyekabidhiwa kitu akitunze kwa niaba ya wengine anadaiwa mambo mengi: uaminifu, uangalifu, na hesabu siku mwenye mali atakapoidai. Lakini kabla ya kudaiwa hayo yote, lazima awe amekabidhiwa kweli. Sharti hilo linaonekana dogo, na husahaulika kila wanakijiji wanapokusanywa kufundishwa umuhimu wa misitu na wanyamapori. Ninashika hoja moja hapa. Elimu ya uhifadhi inayomtaka mwanakijiji atunze kitu ambacho hana neno lolote la kukiamulia haimfundishi udhamini. Inamfundisha utii, na utii wa namna hiyo huishia pale jicho la askari linapoishia. Mahali pazuri pa kuipima hoja hii ni wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, Tanzania, pamoja na Hifadhi ya Mikumi, kwa sababu huko namna zote mbili za kufundisha zimejaribiwa katika wilaya moja, wakati mwingine hata katika kijiji kimoja.

Dini mbili kubwa za watu wa Kilosa hazipingani katika jambo hili. Qurani, katika Sura ya Al-Ahzab, inasimulia kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, navyo vikakataa kuibeba kwa kuogopa uzito wake, na mwanadamu ndiye aliyeichukua. Wafasiri wamejadili kwa karne nyingi amana hiyo ni nini, lakini umbo la kisa chenyewe liko wazi: amana ilitolewa kwa wanaoweza kukataa. Asiyeweza kukataa hakukubali chochote. Sura ya Al-An'am nayo inawahesabu wanyama watambaao na ndege warukao kuwa ni umma kama sisi, hivyo nyumbu wa tambarare za Mkata huko Mikumi si mapambo ya nchi, wana fungu lao mbele ya Muumba. Kwa upande wa Biblia, sura ya pili ya Mwanzo inampa mtu kazi mbili katika bustani, kulima na kutunza, bila kuzitenganisha. Sheria ya Walawi inakataza ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa hoja kwamba mwenyewe ni Mungu na watu ni wageni wake tu. Mwalimu Nyerere alisimama karibu na hapo alipoandika mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa, akishikilia kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote na haistahili kugeuzwa bidhaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaendelea na fikra hiyo kwa lugha yake: ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini. Msikiti, kanisa na serikali vinakubaliana, basi, kwamba sisi ni wadhamini. Kinachobaki ni kuuliza nani miongoni mwetu amepewa nafasi ya kuwa mdhamini kwa vitendo.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975, na leo ina kilomita za mraba 3,230. Elimu kwa majirani wake haikukosekana. Vilabu vya Malihai vilianzishwa nchini mwaka 1980 kuwapa wanafunzi moyo wa kupenda wanyama, na tangu mwaka 1988 Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, limekuwa na mpango wa ujirani mwema unaochangia madarasa, zahanati na mafunzo katika vijiji vinavyozunguka hifadhi. Sitaki kudharau kazi hiyo. Mtoto aliyepata darasa amepata darasa. Lakini uhusiano wenyewe una mtoaji na mpokeaji, na mpokeaji hana kura. Tembo wakiingia shambani usiku, mkulima wa pembezoni mwa Mikumi anaweza kupiga debe, kuwasha moto, kutundika vitambaa vilivyolowekwa mafuta na pilipili, kisha asubuhi anahesabu mahindi yaliyobaki. Kwa mazao kuna kifuta jasho, na kwa uhai wa mtu kuna kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 zilikadiria machozi ya kifo kuwa shilingi milioni moja, na jasho la mazao likawekewa kikomo cha ekari tano. Majina hayo ya malipo yanasema ukweli ambao sheria haikutaka kuuficha: hiyo si fidia, ni faraja. Fidia hudaiwa na mwenye haki. Faraja hutolewa na mwenye huruma, apendapo na awezapo. Mtu anayeishi kwa faraja haombwi ushauri kuhusu njia za tembo, lakini ndiye anayeambiwa kwenye mkutano kwamba tembo ni urithi wake.

Tumeona pia mpaka ukilindwa kwa bunduki na mali ikaondoka. Sensa za angani katika mfumo ikolojia wa Selous na Mikumi zilihesabu tembo 38,975 mwaka 2009, na mwaka 2013 zikakuta 13,084. Katika miaka minne tembo wawili kati ya kila watatu walipotea. Chanzo hakikuwa mkulima wa Kilosa. Meno yale yalitafutwa na masoko ya mbali na kuendeshwa na mitandao yenye fedha nyingi. Hata hivyo mtandao hauwezi kufanya kazi porini bila mtu wa kuonyesha njia, mtu wa kubeba, na wengi zaidi wa kunyamaza. Ukimya wa kijiji ndiyo bidhaa ya bei rahisi kuliko zote anazonunua jangili, na mara nyingi hupewa bure na watu wasioona kwamba kilichoibwa ni chao. Mafunzo peke yake hayauvunji ukimya huo, kwa kuwa haukutokana na ujinga. Watu wanaijua thamani ya tembo vizuri sana. Wanajua pia kwamba thamani hiyo haipiti mikononi mwao.

Sasa tuangalie upande wa pili wa wilaya hiyohiyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuuandalia mpango, kutoza ada, kukamata wakosaji na kubaki na mapato. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, wakisaidiwa na serikali ya Uswisi, walifanya kazi na vijiji vya Kilosa kama Ulaya Mbuyuni, Nyali, Dodoma Isanga na Ihombwe, ambacho ni jirani wa hifadhi ya Mikumi. Walichagua jambo ambalo wahifadhi wengi huliogopa: mkaa. Badala ya kuukataza, kijiji kiligawa sehemu ya msitu wake wa miombo katika viraba vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti, kiraba kimoja kikivunwa na cha jirani kikiachwa. Visiki having'olewi, huachwa vichipue, na kiraba kilichovunwa hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Kingo za mito na miteremko mikali haziguswi, na sehemu kubwa ya msitu hubaki bila kuvunwa kabisa. Mchoma mkaa hupewa kibali na kamati ya maliasili, ada huingia mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaosikiliza hesabu na kuamua fedha ziende wapi.

Tazama kilichofundishwa hapo. Kuweka kiraba kisirudiwe kwa miaka 24 ni kumwekea akiba mtoto ambaye hajazaliwa, na mwenye umri mkubwa katika kamati anajua kwamba mavuno ya pili hatayaona. Hakuna mahubiri yanayoweza kuleta fikra hiyo kwa nguvu kama kuinua mkono mkutanoni na kukubali. Katika mkutano huo watu hujifunza kwamba mti mchanga una ratiba yake, kwamba mwenyekiti anaweza kuulizwa stakabadhi, kwamba darasa jipya lina uhusiano na mti wa mtondoro ulioachwa uchipue. Karibu na wakati huo, kati ya mwaka 2009 na 2014, mradi wa kaboni uliofadhiliwa na Norway katika vijiji vya Kilosa ulijaribu kugawa malipo ya misitu sawa kwa kila mkazi, watoto wakiwamo. Mtoto mchanga alihesabiwa kuwa na fungu katika msitu. Sijui tamko lolote la uhifadhi lililosema jambo hilo waziwazi kiasi hicho.

Wapo watakaosema kwamba hiyo si amana, ni biashara: mtu anayetunza msitu kwa sababu unamlipa ataufyeka siku mahindi au ufuta utakapolipa zaidi, na utakatifu wa uumbaji hauna bei. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, maana bei ya mazao kweli hupanda na misitu kweli hufyekwa. Lakini linadai kwa maskini usafi ambao maandiko yenyewe hayakuudai. Sura ya An-Nisaa inapozungumzia mlezi wa mali ya yatima, inamtaka tajiri ajizuie, na inamruhusu aliye fukara ale kwa kadiri ya wema. Paulo naye anauliza ni nani apandaye mzabibu asiyekula matunda yake. Kula kwa kiasi kutoka katika amana hakuivunji. Inavunjwa na kula mpaka mtaji. Miaka 24 ya kiraba cha mkaa ndiyo kipimo cha kiasi hicho, kikiwa kimeandikwa kwenye ramani ambayo kila mtu anaweza kuiona. Mtumishi wa hifadhi hupokea mshahara na hakuna anayesema kwamba mshahara umemnajisi. Kwa nini basi posho ya mgambo wa kijiji anayefanya doria msituni itiliwe shaka?

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtondoro hauhami, tembo anahama. Msitu wa Ihombwe unaweza kuwa wa Ihombwe, lakini tembo anayevuka kutoka Mikumi kwenda bonde la Kilombero si wa kijiji chochote, na hatuwezi kuacha kila mkutano mkuu upige kura juu ya uhai wake. Nakubali. Mdhamini hapewi mamlaka yote. Kama angepewa yote angekuwa mmiliki. Hakuna anayedai kijiji kiamue kama tembo aishi. Lakini kati ya kuamua yote na kutoamua lolote kuna nafasi pana: wapi shamba lisifunguliwe ili ushoroba ubaki wazi, nani akague hasara na kwa muda gani, malipo yapangwe kwa vigezo gani, askari wa wanyamapori wa kijiji wachaguliwe na nani na wawajibike kwa nani. Mambo hayo hayamdhuru tembo. Yanampa majirani wenye sababu ya kupiga simu wanapoona watu wageni wakiingia porini.

Pingamizi la tatu linaniumiza, kwa sababu damu imekwisha kumwagika juu yake. Tunaposema jamii, tunamaanisha nani? Kilosa ni nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, na pia ya Wamasai wa Kiparakuyo walioishi huko kwa vizazi, pamoja na wafugaji na wakulima waliofika baadaye. Desemba 2000, katika Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mgogoro wa mipaka ya kijiji cha Mabwegere ulipita mahakamani bila kuleta amani ya haraka. Katika mazingira hayo, ramani ya msitu wa kijiji inaweza kugeuka uzio dhidi ya jirani mwenye ng'ombe, na neno uhifadhi likawa silaha mpya ya vita vya zamani. Hapa ndipo msingi wa dini unapofanya kazi ambayo sheria peke yake haiwezi. Kama ardhi ni ya Mungu na sisi sote ni wageni, mkulima aliyetangulia hana ugeni pungufu kuliko mfugaji aliyefuata. Mpango wa matumizi ya ardhi unaopitishwa bila wafugaji kuwamo ukumbini haujakabidhi amana, umegawa nyara tu. Na mfugaji naye, akiingiza mifugo katika kiraba kinachochipua, anakula fungu la mtoto mchanga yuleyule aliyehesabiwa. Imamu na mchungaji wa Kilosa wangefanya mengi wakiyasema maneno hayo mawili pamoja, siku moja, kwa pande zote mbili.

Nimesema mengi kuhusu vijiji, lakini mzigo wa elimu umeelekezwa vijijini kupita haki. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaipasua hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, kuna bango lenye orodha ya faini kwa kila mnyama, na bado swala, nyani na hata wanyama wakubwa hugongwa. Wanaowagonga hawatoki Ihombwe. Ni madereva wa malori na mabasi, na nyuma yao abiria wanaohimiza dereva akanyage. Mkaa wa Morogoro nao hupikia wali na maharage Dar es Salaam, na mnunuzi wa gunia haulizi kama limetoka katika kiraba chenye kibali au katika msitu uliofyekwa usiku. Mnunuzi huyo ana kitu ambacho mwanakijiji amenyimwa: uwezo wa kuchagua. Kwa kipimo nilichotumia tangu mwanzo, amana yake ni nzito zaidi.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam na kupita Kilosa ikielekea Dodoma, na safari za wanafunzi kwenda kuona wanyama Mikumi zimekuwa rahisi zaidi. Zipangwe ili kabla ya kuingia hifadhini wanafunzi wapitishwe siku moja katika kijiji chenye msitu wake, wakae kwenye mkutano wa hesabu, wamsikie mjumbe wa kamati ya maliasili akieleza kwa nini kiraba fulani hakitaguswa mpaka wao wenyewe wawe wazazi, na wamwone mkulima akionyesha mahali tembo walipopita. Mjumbe huyo alipwe kama mwalimu yeyote anavyolipwa.