Je, Yampasa Kuungama?

Juma lililopita alinijia nyumbani kijana mmoja akaaye Wazo, karibu na kile kilima chenye kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Baada ya kuniamkia aliketi kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nimepata kazi, lakini usingizi sina."

Habari yake ndiyo hii. Aliitwa mjini kwa usahili katika kampuni moja itoayo jarida. Walitaka msaidizi wa mhariri, yule wa chini kabisa, asomaye karatasi za kwanza na kusahihisha makosa kabla jarida halijapigwa chapa. Akapewa ukurasa wenye makosa, akayaona karibu yote. Kisha akaulizwa, "Wewe hulisoma jarida letu?" Akajibu, "Naam, kila mwezi." Kumbe alilisoma mara moja tu, toleo la kuazima lisilo na jalada. Wakafurahi, wakampa kazi. Sasa auliza: je, yampasa kuungama, naye mama yake amekwisha kumwambia mwenye nyumba ya kuwa kodi italipwa?

Wenzangu niliowasimulia walicheka. Wasema ni neno dogo. Kila atafutaye kazi hujipamba, na aulizaye ajua hivyo. Nami nakiri hoja hiyo ina nguvu. Aulizaye swali lenye jibu moja tu la kupendeza ana sehemu yake katika uongo anaojibiwa. Tena aibu ya kijana haikuwa na msingi. Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilipita mkono kwa mkono, na ajuaye kusoma aliwasomea wasiojua. Nakala ya kuazima haikuwa haya. Lau angalisema, "Nimesoma moja, nayo ya kuazima, na humo naliona jambo hili na hili," naamini angalisikilizwa zaidi.

Walakini sikubali kuwa ni neno dogo, kwa sababu ya kazi yenyewe. Mwashi akidai ajua kujenga, naye hajui, ukuta utamfichua kabla ya jua kuchwa. Mhariri sivyo. Mwandishi aleta habari ya kisima kilichokauka huko mbali. Msomaji hana njia ya kwenda kukitazama. Katikati yao yuko huyu msaidizi, na kazi yake ni kuuliza, "Ulikiona kwa macho yako, au uliambiwa?" Atauliza kwa uso gani mtu aliyesema "kila mwezi" naye alisoma mara moja? Pengine atauliza vizuri sana, kwani aliyewahi kudanganya hujua mahali uongo unapojificha. Lakini kila aulizapo atajikumbuka, na siku moja, ili asijikumbuke, ataacha kuuliza. Hilo ndilo niliogopalo.

Nikamwambia aende akaseme. Akaniuliza, "Wakinifukuza, Mwalimu, kodi utalipa wewe?"

Swali la haki. Ni rahisi kumwagiza mtu aseme kweli kwa gharama ya mama yake. Wala hatari si ya kubuni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwacha mfanyakazi asiyetimiza miezi 6 bila ile kinga apewayo wa siku nyingi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Nikamjibu, "Mwanangu, fedha hizo sina." Nikamshauri tu aseme kabla hajapokea mshahara wa kwanza, maana baada ya hapo atakuwa amelipwa kwa neno lile. Hakunijibu.

Aliondoka jua likichwa, lile toleo lisilo na jalada kwapani. Alisema atalisoma lote tena kabla ya Jumatatu, kwani pengine, wakiisha kumsikia, watamwuliza aliona nini ndani yake.